Boya 42040: Kumbukumbu za Kufuatilia Vimbunga katika Ghuba ya Meksiko

Boya la kupimia hali ya bahari ni chombo kinachoelea mahali pamoja, kikiwa kimeshikwa na nanga kwa mnyororo na kamba ndefu inayofika sakafu ya bahari, na angalau kila saa hutuma kwa setilaiti habari za upepo, mgandamizo wa hewa, joto la hewa na la maji, pamoja na kimo cha mawimbi yanayokipandisha na kukishusha. Marekani ina mtandao mpana wa maboya ya namna hiyo katika Atlantiki, Pasifiki, Maziwa Makuu ya nchi hiyo na Ghuba ya Meksiko, unaosimamiwa na Kituo cha Taifa cha Data za Maboya chenye makao yake katika Stennis Space Center, Mississippi, na vipimo vyake vimewekwa wazi kwa kila mtu mwenye intaneti. Uwazi huo ndio uliomwezesha mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa bali mkazi wa kawaida wa mji wa Mobile katika jimbo la Alabama, kuvifuatilia kwa daftari na kalamu vimbunga vilivyokuwa vikikaribia pwani hiyo, vikiwemo Ivan cha mwaka 2004 na Katrina cha mwaka 2005. Hoja inayotokana na daftari hilo ni kwamba mtu anayekingoja kimbunga akiwa pwani hutishiwa zaidi na bahari kuliko anavyotishiwa na upepo, na kwamba bahari ina mwendo wake wenyewe, ambao haufuati papo kwa papo kupanda na kushuka kwa kasi ya upepo, ilhali kasi hiyo ndiyo inayotangazwa zaidi na ndiyo inayokaa vichwani mwa watu.

Kila boya hutambulishwa kwa namba ya tarakimu tano, ambazo mbili za mwanzo huonyesha eneo la dunia lilipo. 42 ni alama ya eneo linalojumuisha Ghuba ya Meksiko, hivyo boya 42001 liko katikati ya Ghuba, 42003 upande wake wa mashariki, na 42040 takriban kilomita 118 kusini mwa kisiwa cha Dauphin, kilichoko kwenye mlango wa hori ya Mobile. Wakati wa Ivan na Katrina maboya hayo hayakuwa ya umbo moja, kwani yalikuwepo ya duara bapa yenye kipenyo cha mita 3, mengine ya mita 10 au 12, na yalikuwepo pia yaliyoundwa kwa umbo la mashua yenye urefu wa mita 6. Jedwali la boya, wakati huo, lilikuwa na mstari mmoja kwa kila saa, saa zenyewe zikiwa za Greenwich, ambazo wakati wa kiangazi hutangulia saa za Alabama kwa saa tano, na mahali ambapo kipimo hakikupatikana huandikwa herufi MM. Mwandishi alijizoeza kunakili jedwali hilo kwa mkono, na zoezi hilo, lililoonekana kwa waliomzunguka kuwa ni kupoteza wakati, lilikuwa na faida ambayo picha za setilaiti za kwenye televisheni hazina: mtu anayetazama namba moja ya saa ile hupata hali ya mahali pale tu, lakini anayeandika namba kumi na mbili mfululizo hulazimika kuona zinakoelekea na kwa haraka gani.

Mgandamizo wa hewa ndio safu ya kwanza inayofaa kuangaliwa, nao huwa unawapotosha wengi wasioujua mzunguko wake wa kila siku. Mgandamizo hupimwa kwa hektopaskali, na katika siku tulivu usawa wa bahari hupata takriban hektopaskali 1013. Lakini katika nchi za joto hewa nayo ina kujaa na kupwa kwake, kwa kuwa mgandamizo hupanda mara mbili kwa siku, karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hushuka mara mbili, karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, kwa tofauti ya hektopaskali 2 au 3. Kwa sababu hiyo, mshuko mdogo unaoonekana kati ya asubuhi na alasiri haumwambii msomaji lolote kuhusu kimbunga, ilhali usiku ambao mgandamizo haukupanda kama ulivyozoea ni jambo la kuzingatiwa sana, hata kama namba yenyewe bado inaonekana kuwa ya kawaida. Njia iliyo salama ni kuilinganisha kila saa na saa ileile ya jana yake, si na saa iliyotangulia. Na pale kimbunga kinapokuwa karibu, mzunguko huo mdogo humezwa, mshuko ukawa ni wa mfululizo, kisha ukaongeza kasi kila saa.

Safu ya pili ni mwelekeo wa upepo, ambao kwa msaada wake msomaji wa boya moja anaweza kujua kitovu cha kimbunga kiko upande gani. Kanuni yake ilitolewa mwaka 1857 na mwanasayansi Mholanzi, Christoph Buys Ballot: katika kizio cha kaskazini cha dunia, mtu akiupa upepo mgongo, eneo la mgandamizo mdogo huwa kushotoni kwake, mbele kidogo. Upepo unaovuma kutoka kaskazini mashariki juu ya boya 42040 huonyesha basi kwamba kitovu kiko kusini au kusini mashariki mwake. Lenye thamani zaidi ni badiliko la mwelekeo huo kadiri saa zinavyopita, kwa kuwa upepo unaogeuka kufuata mzunguko wa akrabu za saa, yaani kutoka kaskazini mashariki hadi mashariki kisha kusini mashariki, hujulisha kwamba boya liko kuliani mwa njia ya kimbunga. Unaogeuka kinyume chake hujulisha kwamba liko kushotoni. Na upepo usiobadili mwelekeo huku ukizidi nguvu hujulisha kwamba kitovu kinalijia boya moja kwa moja. Katika kizio cha kaskazini upande wa kulia ndio wa hatari, kwani huko kasi ya kimbunga kinavyosafiri hujumlishwa na kasi ya upepo unaokizunguka, na huko ndiko maji husukumwa kuelekea nchi kavu. Msomaji aliyeko kusini mwa ikweta, kwa mfano Mtwara au visiwa vya Komoro, anapaswa kuigeuza kanuni yote hii, kwa sababu huko pepo za kimbunga huzunguka kufuata mwelekeo wa akrabu za saa na upande wa hatari huwa ni wa kushoto.

Kuhusu kasi ya upepo, maboya yamezusha mabishano mengi kuliko inavyostahili. Kila kimbunga kinapokaribia hutokea watu wanaolinganisha namba ya boya na namba iliyotangazwa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, wakiona ya boya ni ndogo, nao wakahitimisha kwamba watabiri wanatia chumvi. Mwandishi aliyasikia maneno hayo mara nyingi, na yafaa yajibiwe kwa utaratibu, maana yamewahi kuwabakisha watu majumbani. Kasi inayotangazwa ni wastani wa dakika moja, katika kimo cha mita 10 juu ya bahari, mahali penye upepo mkali kuliko pote ndani ya kimbunga kizima; boya kwa upande wake hutoa wastani wa dakika 8, anemomita yake, yaani kipimaupepo chake, mara nyingi iko mita 4 au 5 tu juu ya maji, na ni nadra sana likutwe na ukuta wa jicho, ambao ni duara jembamba la mawingu mazito linalozunguka kitovu. Tena mawimbi yanapokuwa makubwa, boya hushinda sehemu ya wakati wake mabondeni mwa mawimbi, likikingwa na maji yenyewe dhidi ya upepo. Boya halisemi uongo, ila linajibu swali jingine.

Swali ambalo boya hulijibu kwa ukamilifu kuliko chombo kingine chochote ni la mawimbi. Ndani yake mna kipimamchapuko, yaani kifaa kinachohisi jinsi mwendo wa kupanda na kushuka unavyobadilika, na kutokana na mwendo huo hupatikana namba mbili muhimu. Ya kwanza ni kimo wakilishi, ambacho ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi katika muda wa upimaji; kipimo hiki kina asili yake katika kazi za Walter Munk na Harald Sverdrup wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipotakiwa kutabiri kama mawimbi ya ufukweni yangeruhusu askari kushuka kutoka katika vyombo vyao, na kilikubalika kwa sababu kinakaribiana na kimo ambacho baharia mzoefu hukikadiria kwa macho. Msomaji akumbuke kwamba wimbi moja moja linaweza kufika karibu mara mbili ya kimo hicho. Namba ya pili ni kipindi cha wimbi, yaani sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata, nayo ndiyo iliyokuja kuwa kipenzi cha mwandishi katika jedwali zima, kwa kuwa ni namba inayotangulia kufika kabla ya kimbunga chenyewe.

Sababu yake ni ya kifizikia na haina utata. Katika maji ya kina, nishati ya wimbi lenye kipindi cha sekunde 6 husafiri kwa karibu kilomita 17 kwa saa, na ya lenye sekunde 14 kwa karibu kilomita 40 kwa saa. Vimbunga vya Ghuba ya Meksiko kwa kawaida huenda polepole kuliko kasi hiyo ya pili, kwa hiyo mawimbi marefu yanayozaliwa chini ya pepo kali hukiacha nyuma kimbunga kilichoyazaa na kufika mbali siku moja au zaidi kabla yake, huku anga ya mahali pale ikiwa bado nyeupe na upepo ukiwa mwanana. Munk na wenzake waliyafuatilia mnamo mwaka 1963 mawimbi ya namna hiyo kutoka dhoruba za bahari ya kusini, karibu na Antaktika, hadi pwani ya Alaska, wakathibitisha kwamba marefu hutangulia na mafupi hufuata, na kwamba tofauti ya nyakati zao za kufika hutosha kukadiria umbali yalikotoka. Hata kabla ya kuwepo kwa boya lolote, dalili hii ilikuwa ikionekana kwa waliojua kuitazama: asubuhi ya Septemba 8, 1900, Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya Galveston, Texas, aliona mawimbi marefu yakipiga ufukwe kutoka kusini mashariki, na maji yakipanda ilhali upepo ulikuwa ukivuma kutoka kaskazini na ulipaswa kuyarudisha nyuma. Jioni ya siku hiyo mji ulifunikwa na bahari, na watu wasiopungua 6,000 walikufa.

Kimbunga Ivan kilikuwa darasa la kwanza la mwandishi katika mambo haya. Kilitua karibu na Gulf Shores, Alabama, usiku wa kuamkia Septemba 16, 2004, kikiwa daraja la 3 katika kipimo cha madaraja matano ya nguvu za vimbunga, na jioni iliyotangulia boya 42040 lilikuwa limepima kimo wakilishi cha karibu mita 16 kabla ya kukatika katika nanga yake na kuanza kuchukuliwa na maji. Chini ya njia ya Ivan, kwenye sakafu ya bahari, Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani ilikuwa na vipima vyake, na watafiti wake walitangaza mwaka uliofuata kwamba vilinasa wimbi moja lenye kimo cha mita 27.7 kutoka bonde hadi kilele. Lakini somo lililoandikwa daftarini usiku ule halikuwa la ukubwa wa mawimbi bali la upande: kitovu kilipita mashariki ya Mobile, mji ukawa kushotoni, upepo ukavuma kutoka nchi kavu na kuyasukuma maji ya hori kutoka nje, ilhali Pensacola, iliyokuwa kuliani, ilivamiwa na bahari, hata daraja la barabara kuu juu ya hori ya Escambia likavunjwa na mawimbi. Wakazi wengi wa Mobile walitoka katika Ivan wakiamini kwamba wamekijua kimbunga cha daraja la 3. Walikuwa wameujua upande mmoja tu wa kimbunga, ule mwepesi.

Katrina kiliibuka karibu na Bahama Agosti 23, 2005, kikavuka kusini mwa Florida usiku wa Agosti 25 kikiwa daraja la 1, kisha kikaingia katika maji ya moto ya Ghuba na kukua kwa haraka ambayo haikuwa rahisi kuifuata hata kwa taarifa za kila saa tatu. Usiku wa kuamkia Agosti 28 boya 42003, lililokuwa karibu na njia yake, lilipinduliwa na mawimbi, na habari zake zikakatika. Tukio hilo lina fundisho lake, kwa kuwa jedwali lililojaa herufi MM halifanani na hatari. Halina namba kubwa ya kumtisha mtu, na anayefungua ukurasa asubuhi bila kujua ya usiku anaweza kudhani kwamba ni hitilafu ndogo ya mitambo. Mstari mtupu unaofuata saa kadhaa za mawimbi yanayokua hauna budi usomwe pamoja na saa hizo, na ukisomwa hivyo huwa ni taarifa kali kuliko namba yoyote ambayo ingeandikwa hapo.

Saa 7 mchana wa Agosti 28, kwa saa za pale, Katrina kilifikia kilele chake: kasi ya upepo ya takriban kilomita 280 kwa saa na mgandamizo wa hektopaskali 902 kwenye kitovu, kikiwa zaidi ya kilomita 300 kusini mwa boya 42040. Tangu saa hiyo kilianza kupungua. Taarifa za jioni na za usiku zilionyesha kasi ya upepo ikishuka, na tathmini iliyotolewa baadaye ilionyesha kwamba ilishuka zaidi ya ilivyodhaniwa usiku ule, kwani kilipotua karibu na Buras, Louisiana, saa 12 na dakika 10 asubuhi ya Agosti 29, upepo wake ulikuwa wa takriban kilomita 205 kwa saa, yaani daraja la 3. Habari za kupungua zilipokewa kwa faraja kubwa. Jamaa wa mwandishi waliopiga simu kutoka Tanga walikuwa wamezisikia redioni na wakamshukuru Mungu. Majirani walizungumza barazani kwa sauti nyepesi zaidi kuliko za mchana. Na mzee mmoja wa mtaa ule, mzaliwa wa pwani ya Mississippi, alisema kwamba kimbunga kikishaanza kuchoka hakirudi tena.

Jedwali la 42040 lilikuwa likisema jambo jingine kabisa. Saa 1 usiku, kimo wakilishi kilikuwa kimepita mita 9, na kwa saa kumi na moja zilizofuata kiliendelea kupanda pasipo kurudi nyuma, kila taarifa ya kupungua kwa upepo ikifuatana daftarini na wimbi kubwa kuliko la saa iliyotangulia, mpaka saa 12 asubuhi kilipofikia karibu mita 17. Kipimo hicho kililingana na kikubwa kabisa kilichokuwa kimewahi kupatikana kwa boya lolote la mtandao ule wa Marekani, nacho kilipatikana dakika kumi tu kabla ya kimbunga, ambacho wakati huo kilikuwa na nguvu ndogo kuliko za jana yake, kugusa nchi. Hesabu ya vipindi vya mawimbi inatosha kuonyesha kwa nini. Mawimbi yenye kipindi cha sekunde 14 yaliyozaliwa wakati wa kilele cha saa 7 mchana yalihitaji takriban saa nane kuzimaliza zile kilomita 300 na ushei, kwa hiyo yalianza kulifikia boya usiku ukiwa umeingia, wakati ambapo upepo uliokuwa umeyazaa haukuwepo tena kwa kiwango kile. Na nyuma yake yalikuja yale ya saa zilizofuata, yakiungana na yale yaliyozaliwa papo hapo na pepo za mashariki na kusini mashariki zilizolizunguka boya lenyewe. Bahari hukusanya kazi ya upepo kwa saa nyingi na kuitoa kwa wakati wake, na upepo kupungua hakuirudishi nyuma nishati iliyokwisha kuingia majini.

Yaliyotokea pwani yanaeleweka kwa kutenganisha sababu zake. Gharika ya bahari inayoletwa na kimbunga, yaani kuinuka kwa usawa wa maji juu ya kujaa kwa kawaida, ina vyanzo vitatu visivyolingana. Kupungua kwa mgandamizo huinua maji kwa takriban sentimita moja kwa kila hektopaskali moja, hivyo hata kwa hektopaskali 920 za Katrina wakati wa kutua mchango huo haufiki mita moja. Mawimbi yanapovunjika mfululizo hurundika maji ufukweni kwa haraka kuliko yanavyoweza kurudi. Lakini chanzo kikuu ni upepo unaoyasukuma maji mbele yake juu ya sakafu ya bahari yenye kina kifupi na mteremko mdogo, kama ilivyo mbele ya Mississippi, na hapo jambo la kuangaliwa ni upana wa kimbunga na muda ambao upepo umesukuma, si kasi yake ya juu peke yake. Pepo za nguvu ya kimbunga kamili zilienea hadi takriban kilomita 165 kutoka kitovu cha Katrina kilipokuwa kikikaribia nchi, upana usio wa kawaida. Huko Pass Christian maji yalipanda hadi takriban mita 8.5, na huko Mobile, karibu kilomita 150 kutoka njia ya kitovu, mitaa ya katikati ya mji ilifunikwa kwa maji ya hori yaliyopanda zaidi ya mita 3. Waliofunga hesabu zao kwa Ivan, kilichotua karibu nao zaidi na kikiwa na daraja lilelile, waliona bahari ikiingia mahali ambapo mwaka uliotangulia ilikuwa imeondoka.

Msiba mkubwa zaidi ulikuwa wa wale waliokuwa na kipimo cha zamani. Kimbunga Camille cha Agosti 1969 kilitua katika pwani ileile ya Mississippi kikiwa daraja la 5, na alama ya maji yake, iliyopita mita 7 kidogo huko Pass Christian, ilikuwa imekaa katika kumbukumbu za familia kama mpaka ambao bahari haiwezi kuuvuka. Mzee wa mtaani kwa mwandishi alikuwa na dada yake aliyebaki huko kwa sababu hiyo hiyo, nyumba yake ikiwa imesimama wakati wa Camille. Aliokolewa akiwa darini, lakini si wote waliobaki waliokolewa. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Walikuwa wakiutumia uzoefu, na uzoefu wao ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa umefupishwa katika namba moja ya daraja, na namba hiyo iliwaambia kwamba anayekuja ni mdogo kuliko aliyepita.

Kipimo hicho cha madaraja matano, kilichotungwa na mhandisi Herbert Saffir na mtaalamu wa hali ya hewa Robert Simpson mwanzoni mwa miaka ya 1970, hapo awali kiliambatanisha kila daraja na makadirio ya gharika ya bahari, na ushikamano huo ndio uliowafanya watu waamini kwamba daraja la upepo ni daraja la maji. Kimbunga Ike kilitoa ushahidi mwingine Septemba 2008, kilipotua Galveston kikiwa daraja la 2 tu lakini kipana mno: maji yalianza kupanda karibu siku nzima kabla ya kutua, na kwenye rasi ya Bolivar yalifika kati ya mita 4.5 na 6, yakafagia vijiji vizima. Mwaka 2010 Kituo cha Taifa cha Vimbunga kiliondoa gharika na mgandamizo katika kipimo hicho na kukifanya kiwe cha upepo pekee, na mwaka 2017 kikaanza kutoa rasmi tahadhari za gharika ya bahari zinazojitegemea. Kwa maoni ya mwandishi, hayo ndiyo mageuzi yenye manufaa kuliko yote yaliyofanywa tangu Katrina katika kuwaonya wakazi wa pwani, na yalichelewa.

Kwa msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki mambo haya si ya ng'ambo tu. Zanzibar ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, na Hidaya kilifika eneo la Mafia Mei 2024. Bahari ya Hindi ina safu ya maboya ya utafiti iitwayo RAMA, iliyoanza kuwekwa mwaka 2004, lakini imekusudiwa zaidi kuchunguza pepo za msimu katika bahari kuu, na uharamia uliwahi kuzuia uwekaji wa maboya yake upande wa magharibi; mbele ya Tanga, Kilwa au Mtwara hakuna mfano wa 42040 ambao mkazi angeweza kuunakili usiku kucha. Vipo hata hivyo vipimo vya usawa wa maji katika bandari, kama vile vya Zanzibar na Mombasa, na kipo kipindi cha mawimbi, ambacho mvuvi aliyekaa ufukweni na saa ya mkononi anaweza kukipima kwa kuhesabu vilele.

Mwambao huu una jambo moja zaidi ambalo Ghuba ya Meksiko haikuweza kumfundisha mwandishi. Huko tofauti ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki mita moja, kwa hiyo saa ya kutua kwa kimbunga haibadilishi sana kimo cha gharika. Zanzibar na Mafia, wakati wa bamvua, tofauti hiyo hukaribia mita 4. Gharika ya mita moja na nusu ikifika maji yakiwa yamekupwa inaweza isifikie hata mahali ambapo bahari hufika kila siku, na gharika ileile ikiangukia kilele cha bamvua itaingia majumbani. Hidaya kilifika Mei 4, siku tatu baada ya robo ya mwisho ya mwezi, wakati maji mafu yalipokuwa ndiyo kwanza yanaisha. Mwezi ulikuwa uwe giza Mei 8, na bamvua ingefuata siku moja au mbili baada ya hapo.